Mfungwa, Serikali na Deni la Fidia: Utangulizi kwa Anayeanza

Mfungwa anaweza kuishitaki serikali inayomshikilia, akaidai fidia, na akashinda. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo ambalo wengi hapa Likasi, Kongo, hawaliamini, hata baadhi ya vijana waliokwisha kukaa darasani mwaka mzima wakisoma sheria. Mwambie mama anayempelekea mwanawe bukari, yaani ugali, gerezani kila wiki kwamba sheria inampa njia ya kudai, naye atakuuliza: kushitaki nani? Serikali si ndiyo serikali? Swali lake lina uzito mkubwa, na taaluma ninayokukaribisha leo imejengwa juu yake.

Utangulizi huu ni wako wewe unayeanza. Huenda u mwanafunzi wa sheria, au mchungaji au katekista anayetembelea wafungwa, au una ndugu yako ndani na umechoka kuambiwa ungoje. Hakuna unachotakiwa kukijua kabla ya kusoma. Kila neno la kitaalamu nitalieleza litakapotokea mara ya kwanza, na pale ambapo wanafunzi hukwama tutasimama kidogo. Likasi ni mahali pazuri pa kujifunzia. Pana gereza la mji, na pana Buluo, ambalo kwa miaka mingi limetajwa pamoja na Osio, Luzumu na Angenga miongoni mwa magereza ya ulinzi mkali ya nchi hii. Pana makasho, yaani vyumba vya kushikilia watu kwenye vituo vya polisi na kwenye parke, ambayo ni ofisi ya waendesha mashtaka. Pana tribunali ya grande instance, mahakama ambamo shauri la namna hii hufunguliwa. Taaluma yetu inaishi kilomita chache kutoka hapo ulipoketi.

Tuanze chini kabisa. Kifungo humwondolea mtu nini?

Humwondolea uhuru wa kwenda atakako. Basi. Hakimwondolei mwili wake, afya yake, heshima yake wala haki yake ya kusikilizwa na hakimu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalisema hili wazi kuliko watu wanavyodhani. Ibara ya 16 inamfanya binadamu kuwa mtakatifu na inakataza kumtendea kwa ukatili au kwa namna ya kumdhalilisha. Ibara ya 18 inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, tena kwa lugha anayoielewa, na inaweka kikomo cha saa 48 kwa kushikiliwa na polisi. Mwishoni ibara hiyohiyo inaagiza kwamba kila aliyezuiliwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na hadhi yake. Na ibara ya 61 inataja haki ambazo haziguswi hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Katazo la mateso ni mojawapo. Hakuna mahali popote Katiba iliposema kwamba haki hizi ni za watu wema tu.

Hapa ndipo wengi huanza kuchanganyikiwa, kwa hiyo tutenganishe watu wa aina mbili. Mfungwa, kwa maana kamili, ni aliyekwisha kuhukumiwa. Mahabusu ni anayeshikiliwa huku kesi yake ikingoja. Magereza ya Kongo yamejaa mahabusu kuliko wafungwa, na hilo lina maana kubwa kwetu, kwa sababu sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1959 imempimia mahabusu muda wake kwa makini. Baada ya zile saa 48 za polisi, hati ya kukamata ya mwendesha mashtaka humtaka ampeleke mtu mbele ya hakimu ndani ya siku 5. Hakimu akikubali, anaweza kumzuia kwa siku 15, kisha mwezi mmoja, na kila mwezi lazima amri itolewe upya. Muda ukipita bila amri mpya, yule aliyekuwa mahabusu halali jana leo anashikiliwa kinyume cha sheria, hata kama hajasogea hatua moja kutoka kwenye mkeka wake. Ukikutana na faili lolote la mahabusu, jambo la kwanza ni kuhesabu siku. Wanafunzi hutaka kuruka hadi kwenye kanuni kubwa za haki za binadamu, nami huwarudisha kwenye kalenda.

Sasa chukua chakula. Katika magereza yetu mlo wa kawaida ni vungure, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na mara nyingi huliwa mara moja tu kwa siku. Asiye na ndugu wa kumletea kitu hutegemea vungure peke yake, na siku mahindi yasipoletwa hutegemea huruma ya wenzake. Ripoti za Umoja wa Mataifa zimeandika kwa miaka mingi juu ya watu kufa kwa njaa na magonjwa katika magereza ya nchi hii. Na idadi ya watu inazidisha yote: gereza la Makala kule Kinshasa, lililofunguliwa 1957, lilijengwa kwa ajili ya watu 1,500, na limekuja kushikilia maelfu na maelfu kupita hapo. Hapo mtu huuliza: je, njaa ni kosa la kisheria au ni umaskini tu wa nchi? Liweke swali hilo moyoni. Tutalijibu tukiwa na vifaa.

Kifaa cha kwanza ni cha zamani sana. Ni sheria ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba na wajibu, ambayo leo huitwa Kitabu cha Tatu cha sheria za madai. Ibara yake ya 258 inasema kwa ufupi kwamba kila tendo la mtu linalomletea mwenzake madhara humlazimisha yule aliyekosea kuyafidia. Ibara ya 259 inaongeza uzembe na kutojali: unawajibika pia kwa lile uliloacha kulifanya. Ibara ya 260 inasema unawajibika hata kwa makosa ya wale unaowatuma kazi.

Zisome ibara hizi tatu polepole, kwa maana karibu kila kitu kinachofuata kimo humo. Fidia ni malipo yanayokusudiwa kumrudisha aliyeumizwa karibu na hali aliyokuwa nayo. Ili kuipata, mdai anathibitisha mambo matatu: kwamba palikuwa na kosa, kwamba yeye amepata madhara, na kwamba madhara hayo yametokana na kosa hilo. Wanaoanza hushika mawili ya kwanza wakalisahau la tatu. Fikiri juu ya mahabusu aliyeingia kasho akiwa mzima, akaugua kipindupindu siku ya nne, akaomba kupelekwa hospitali, akaachwa, akafa siku ya sita. Kosa lipo: wajibu wa kulinda afya yake umeachwa. Madhara yapo. Lakini wakili wa serikali atasimama na kusema kwamba kipindupindu kiko mjini kote, naye angeweza kuugua hata akiwa nyumbani kwake mtaani Kikula. Jibu lako litatoka kwenye ile siku ya nne. Hatudai kwa sababu aliugua. Tunadai kwa sababu alizuiliwa asiende kutibiwa, na ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa mlinzi. Ukishalielewa jibu hilo, umeelewa pia kwa nini wajibu wa serikali kwa mtu aliyefungwa ni mzito kuliko wajibu wake kwa mtu aliye huru: yule wa ndani hawezi kujitafutia maji, dawa wala chakula.

Na sasa tunaweza kurudi kwenye njaa. Serikali iliyomfungia mtu njia zote za kujilisha imejitwika kazi ya kumlisha. Uhaba wa fedha unaweza kueleza kwa nini kazi hiyo haikufanyika. Kwa maoni yangu hauwezi kuifuta.

Lakini serikali haina mikono. Aliyekataa kufungua mlango ni mlinzi, na mlinzi ana jina. Tumshitaki nani? Hapa ibara ya 260 inafanya kazi yake. Dereva wa lori la madini akimgonga mtu pale Panda akiwa kazini, kampuni iliyomwajiri hulipa. Wanasheria huiita dhima ya mwajiri, yaani wajibu wa kubeba matokeo ya kosa la mtu unayemtuma. Mlinzi wa gereza, polisi na askari wametumwa na serikali. Kwa hiyo mdai anaweza kuishitaki serikali pamoja naye. Anaweza kufanya hivyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua shauri la madai peke yake. Ya pili ni kujiunga na kesi ya jinai ambayo mlinzi ameshitakiwa tayari, akidai fidia yake humohumo; mtu huyo huitwa parti sivili. Njia ya pili hutumika zaidi kwetu kwa sababu mwendesha mashtaka ndiye anayebeba kazi kubwa ya ushahidi. Hasara yake ni kwamba kesi ya jinai ikifa, dai lako huanguka nayo au hubaki likining'inia.

Usichanganye makusudi ya njia hizo mbili. Kesi ya jinai huuliza nani aadhibiwe. Shauri la madai huuliza nani alipe. Mtu anaweza kuadhibiwa bila aliyeumizwa kupata hata faranga moja.

Wazo kwamba serikali inaweza kuburutwa mahakamani halikuwapo siku zote. Enzi za wafalme, mtawala alihesabiwa kuwa hawezi kukosea, na mahakama zilikuwa zake. Kinga ya serikali, yaani ulinzi unaozuia serikali isishitakiwe au isilipe, inatoka huko. Kuvunjika kwake katika ukoo wa sheria tuliourithi kulianza na mti. Mti mbovu wa barabara ya umma katika mji wa Bruges, kule Ubelgiji, uliangukia mashamba ya kampuni ya bustani iliyoitwa La Flandria. Kampuni ikadai. Mji ukajibu kwamba barabara ni mambo ya mamlaka, nayo mamlaka hayahojiwi na mahakimu wa kawaida. Tarehe 5 Novemba 1920 Mahakama ya Kasasioni ya Ubelgiji, yaani mahakama ya juu ya nchi hiyo, ilikataa hoja hiyo: haki ya raia ikivunjwa, hakimu wa kawaida anayo mamlaka ya kuamuru fidia hata kama aliyeivunja ni dola. Wanasheria wetu bado wanaitaja Flandria. Nakuomba uikumbuke kwa sababu inaonyesha kwamba kanuni inayomlinda mtu aliye kwenye kasho la polisi ilizaliwa kwenye ugomvi wa mimea iliyopondwa.

Nchi nyingine zilipita njia nyingine, na kulinganisha kunasaidia. Marekani mashauri ya wafungwa ni mengi sana. Sheria ya 1871 inamruhusu mtu kumshitaki ofisa wa jimbo aliyevunja haki yake ya kikatiba, lakini jimbo lenyewe haliwezi kudaiwa fidia kwa sheria hiyo; hujikinga kwa Badiliko la Kumi na Moja la Katiba, la mwaka 1795. Kwa hiyo mfungwa humdai ofisa binafsi, naye ofisa ana ngao yake: halipi isipokuwa haki aliyoivunja ilikuwa imekwisha kuwekwa wazi na mahakama. Tangu 1996 mfungwa hutakiwa pia kumaliza kwanza njia zote za malalamiko ndani ya gereza. Kule Uganda, sheria ya mwaka 2019 ya kutekeleza haki za binadamu inamfanya ofisa wa umma awajibike yeye mwenyewe. Kenya, watu walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, wakati wa utawala wa rais Moi, waliishitaki serikali, na Julai 2010 Mahakama Kuu ikawapa fidia wadai 21, miaka zaidi ya ishirini baada ya mateso. Mahakama za Kenya hazikukubali kwamba muda mrefu umeyafuta madai hayo. Kwetu mlango wa mahakama uko wazi zaidi kuliko kule Marekani: serikali yenyewe inaitwa, na serikali yenyewe inahukumiwa. Ugumu wetu uko mbele zaidi, na tutaufikia.

Kwanza tuone fidia inavyopimwa. Kesi nzuri kuliko zote ya kujifunzia inatuhusu sisi. Ahmadou Sadio Diallo, raia wa Guinea, alifika nchi hii mwaka 1964 akiwa kijana wa miaka 17, akawa mfanyabiashara Kinshasa, na kampuni zake zikawa zinadai fedha nyingi kwa serikali na kwa makampuni makubwa. Tarehe 5 Novemba 1995 alikamatwa. Alikaa ndani siku 66 mfululizo hadi tarehe 10 Januari 1996. Alikamatwa tena tarehe 25 Januari na kufukuzwa nchini tarehe 31. Jumla ni siku 72. Mwaka 1998 Guinea iliishitaki Kongo kwa niaba yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Huko ni nchi tu zinazoshitakiana, na nchi ikimsimamia raia wake namna hiyo huitwa ulinzi wa kidiplomasia.

Hukumu ya tarehe 30 Novemba 2010 inastahili kusomwa na kalamu mkononi. Mahakama ilikuta kwamba kukamatwa na kufukuzwa kwake kulivunja Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Lakini ilikataa dai kwamba alitendewa kinyama alipokuwa ndani, kwa sababu halikuthibitishwa. Halafu ikasema jambo ambalo kwa mtu wa magereza ni hazina. Kwa kawaida anayedai ndiye anayethibitisha. Lakini mtu anaposema kwamba hakupewa haki fulani ya utaratibu, kwa mfano hakuambiwa sababu ya kukamatwa, hawezi kutakiwa athibitishe jambo ambalo halikutokea. Ni mamlaka ndiyo yenye karatasi, basi ni mamlaka yaonyeshe karatasi. Fikiria nguvu ya kanuni hiyo kwa mahabusu wa Buluo. Rejista ya ekru, yaani kitabu kinachoandika nani ameingia gerezani, lini na kwa hati gani, haimo mikononi mwake. Imo mikononi mwa anayeshitakiwa.

Tarehe 19 Juni 2012 ilitoka hukumu ya kiasi. Guinea iliomba zaidi ya dola milioni 11. Mahakama ilitoa 95,000: dola 85,000 kwa madhara yasiyo ya mali, yaani uchungu, fedheha na kuvurugwa kwa maisha, na dola 10,000 kwa vitu vyake vya nyumbani. Kwa mshahara aliosema ameupoteza, dola 25,000 kwa mwezi, haikutoa kitu. Hapakuwa na karatasi za benki wala za kodi. Uchungu, mahakama ilisema, unaweza kuthibitika hata bila ushahidi maalumu, kwa kutazama tu yaliyompata mtu. Mapato hayathibitiki hivyo. Somo hili linamhusu mchuuzi wa soko la Likasi sawasawa na mfanyabiashara mkubwa. Mama aliyeshikiliwa wiki tatu bila amri ya hakimu, biashara yake ikafa, atahitaji daftari lake la mauzo, risiti za kodi ya meza, jirani wa kusema alikuwa anauza nini na kwa bei gani. Nimeona madai mengi ya haki yakipewa kiasi kidogo kwa sababu wakili aliandika maneno makali na hakuambatanisha hata karatasi moja.

Sasa tumefika penye ugumu. Umeshinda. Hukumu imetoka na muhuri. Nani atalipa?

Usiku wa tarehe 21 Desemba 2003 askari waliasi katika kijiji cha Songo Mboyo, kule Equateur, wakabaka wanawake wengi. Tarehe 12 Aprili 2006 mahakama ya kijeshi ya Mbandaka iliwahukumu askari saba kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu na kuiamuru serikali ilipe fidia pamoja nao. Wanasheria duniani waliishangilia hukumu hiyo, na kwa haki. Wanawake wenyewe hawakuona fedha. Mwaka 2011, katika kesi ya kuuawa kwa mtetezi wa haki Floribert Chebeya, aliyekwenda makao makuu ya polisi Kinshasa tarehe 1 Juni 2010 na asirudi, mahakama ya kijeshi iliihukumu tena serikali kulipa. Katika nchi yetu hukumu za namna hii si chache, na aliye nayo mkononi hugundua upesi kwamba karatasi hiyo haimpeleki benki.

Sababu yake ina jina: kinga ya utekelezaji. Utekelezaji ni hatua za kumlazimisha aliyeshindwa alipe, kama vile kukamata gari lake au akaunti yake. Mtu binafsi asipolipa, wisie, ofisa wa mahakama anayetekeleza hukumu, anakuja na kuandika mali. Mali ya serikali haikamatwi. Tangu Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na ibara ya 30 ya sheria yake ya utekelezaji inathibitisha kinga hiyo. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho kwenye kikao cha Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, lakini kinga haikuondolewa. Usikimbilie kulaani. Kinga ina sababu ya kweli: mdai mmoja akikamata gari la wagonjwa la hospitali ya serikali, wengine wasio na hatia watakufa njiani. Tatizo ni kwamba kinga iliyowekwa kulinda huduma za wote imegeuka ruhusa ya kutolipa kabisa.

Tazama jinsi ibara ileile ya 30, hata kabla ya marekebisho hayo, ilivyojaribu kupunguza makali. Iliruhusu madeni yakatane: kama serikali inakudai, na wewe unaidai kwa deni lililothibitika, moja hupunguzwa kwa jingine. Kwa kampuni ya madini yenye kodi ya kulipa, hiyo ni njia nzuri. Kwa mjane wa Kikula ambaye mumewe alifia kasho, naye hadaiwi kitu na serikali, hakuna cha kukatana. Sheria ilimpa njia yule mwenye kufanya biashara na dola, ikamwacha yule aliyeumizwa nayo. Naamini hapa ndipo penye dosari kubwa kuliko zote katika eneo letu la sheria, na ni ajabu jinsi inavyoandikwa kidogo.

Kuna kizuizi kingine kinachowashangaza wapya. Ili kuchukua nakala ya hukumu yenye nguvu ya kutekelezwa, mshindi hutakiwa kulipa kwenye grefe, ofisi ya karani wa mahakama, ada inayopimwa kwa kiasi alichopewa. Maskini anaweza kusamehewa akileta cheti cha umaskini. Kiombe cheti hicho mwanzoni kabisa mwa kesi, usingoje ushindi.

Wenye kukosa haki nyumbani wana milango ya nje, na mmoja uko karibu nasi kwa namna ya kusikitisha. Oktoba 2004, jeshi liliingia Kilwa, mji wa kando ya ziwa Mweru katika mkoa wetu huu, kuzima uasi mdogo. Raia zaidi ya 70 waliuawa, wengine wakakamatwa na kuteswa, na magari ya kampuni ya madini Anvil yalitumika. Juni 2007 mahakama ya kijeshi Lubumbashi iliwaachilia washitakiwa kuhusu mauaji hayo. Wahanga wakaenda kwa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Banjul. Huko sharti la kwanza ni kumaliza njia za ndani, yaani kuonyesha kwamba umejaribu mahakama za nchi yako, au kwamba hazikuwa njia ya kweli. Uamuzi, uliotangazwa 2017, uliikuta serikali na hatia na kutaka iwalipe wahanga takriban dola milioni 2.5. Nao pia waliendelea kungoja. Kamisheni haina wisie.

Na kama aliyekuumiza ni hakimu mwenyewe? Ipo njia ya pekee ya kumdai hakimu aliyetenda kwa hila au aliyekataa kuamua, mbele ya Mahakama ya Kasasioni; ni nyembamba, ina masharti makali, na inahitaji wakili mzoefu. Itoshe kujua kwamba ipo.

Ninalotaka kukuachia ni ibara ya 155 ya Katiba, kwa sababu bado haijachimbwa. Inalikabidhi Baraza la Dola, mahakama ya juu ya mambo ya utawala iliyoko Kinshasa, mamlaka ya kutoa fidia kwa madhara ya pekee yaliyotokana na hatua ya mamlaka za nchi, pale ambapo hakuna mahakama nyingine yenye uwezo, na kuamua kwa usawa wa kiungwana, likitazama mazingira yote. Huhitaji kuthibitisha kosa la mlinzi yeyote. Je, njaa ya gerezani inaweza kuingia humo? Mpinzani wako atasema madhara yanayowapata maelfu ya wafungwa hayawezi kuitwa ya pekee. Unaweza kumjibu kwamba kipimo ni raia wote wa nchi: kati yao wangapi wamezuiliwa na dola kutafuta chakula, kisha wakanyimwa na dola hiyohiyo? Atarudi na sharti la pili: mahakama za kawaida zipo, kwa nini usiende huko na ibara ya 260? Hapo utakuwa umefika ukingoni mwa ramani, na mtu wa kuendelea ni wewe. Kazi hiyo haianzii Kinshasa. Inaanzia kwenye gereza moja, kwa mwezi mmoja, ukiwa na ruhusa ya mkurugenzi na daftari mkononi: mahindi yaliyoingia, maharagwe yaliyoingia, watu waliokuwamo siku ile, na siku ambazo sufuria la vungure halikuwekwa motoni.